Mkonga Wenye Joto

Jotham mpaka rangi ndiye aliyegundua kwanza kwamba mkonga wa simu ulikuwa na joto.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, mwaka 2001. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya chai ya Kisondela, wachumaji wakisikika wanaitana lakini hawaonekani. Jotham alikuwa ndani ya kibanda chekundu cha simu, anakwangua rangi ya zamani kwa msasa. Akaushika mkonga autoe mahali pake apate kusugua nyuma yake, mara akauachia kama mtu aliyeshika sufuria jikoni.

"Mzee Geresoni! Nani ametoka kuongea humu?"

Geresoni alikuwa nje, anafuta vioo kwa gazeti lenye maji. "Aongee na nani? Nyaya zilishaibwa, mwaka wa tatu huu."

"Njoo ushike mwenyewe."

Geresoni akaingia nusu mwili, akaushika. Ulikuwa na joto kweli, lakini si joto la kuunguza. Lilikuwa joto la mkono, kama la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

"Ni jua," akasema.

Jotham akacheka. "Jua gani, mzee wangu? Mlima wenyewe hatujauona tangu Jumatatu."

Geresoni hakucheka. Aliurudisha mkonga mahali pake, akajifuta kiganja kwenye koti, akajifuta tena. Siku ilikuwa Alhamisi, na saa ilikuwa saa nne asubuhi. Alilijua hilo bila kutazama saa.

Kibanda kile kililetwa na Mzungu meneja wa shamba la chai zamani za ukoloni. Ni cha chuma kizito, kina vioo vidogo vidogo pande tatu, na kimesimama kando ya banda la kupimia chai. Geresoni alikabidhiwa ufunguo wake mwaka 1971 akiwa bado kijana mwenye nywele. Kazi yake ilikuwa hii: simu ikija kutoka mbali, mtu wa switchibodi wa Tukuyu anaiunganisha, Geresoni anaipokea, anaandika jina la anayetafutwa, anampigia mtu yowe la bonde kwa bonde mpaka apatikane, na mpigaji anaambiwa apige tena baada ya nusu saa. Kwa miaka ishirini na saba habari za kuzaliwa na za kufa za kata nzima zilipita sikioni mwake kabla hazijafika kwa wenyewe. Watu walimheshimu kwa hilo. Kanisani alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na sababu mojawapo iliyosemwa wazi ni kwamba huyu mtu hajawahi kula neno la mtu.

Kisha yakaja mageuzi. Shirika la simu likagawanywa, mnara wa simu za mkononi ukasimama kilimani, laini ya kibanda ikakatwa, na usiku mmoja wezi wakazibeba nyaya. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipoanza kukizunguka kibanda na mizani yao, Mwalimu Beatrice wa shule ya msingi alisimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Hivi kila kitu ni cha kuuza?" aliuliza. "Viwanda vimeuzwa, mashamba yameuzwa. Hiki nacho? Hiki ndicho kilituambia baba kapata kazi, dada kajifungua. Watoto wetu wakione. Tukipake rangi, tukizungushie uzio, tuweke kibao."

Wakapiga makofi. Na kibao kilishatengenezwa, kilikuwa chumbani kwa Geresoni kimefungwa kwenye gazeti: KIBANDA CHA SIMU CHA KIJIJI CHETU. KILITUNZWA KWA UAMINIFU NA MZEE GERESONI. Sherehe ilikuwa ifanyike baada ya majuma matatu. Kila alipolala, kibao kile kilikuwa upande wa kichwa chake, na neno lile la UAMINIFU lilimtazama kupitia gazeti.

Alhamisi iliyofuata, simu ililia.

Wachumaji walikuwa kwenye foleni ya kupima chai, vikapu mgongoni, Sekela mke wa Geresoni akiwa katikati yao. Kengele ikalia kutoka ndani ya kibanda, kengele ile ile nzito ya zamani. Ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Ikalia mara ya tatu, ndefu, ya mtu anayeng'ang'ania, kisha ikakatika katikati kama aliyezibwa mdomo. Karani wa mizani alibaki ameinua jiwe la kupimia. Halafu ikaja harufu: ile dawa ya kuoshea sakafu za hospitali, kali, ikipita juu ya harufu ya majani mabichi ya chai.

"Mbona kama simu?" Sekela aliuliza polepole.

"Ni kengele ya shule," Geresoni akajibu kwa haraka.

"Shule iko kule," Sekela akasema, akionyesha upande mwingine.

Jioni, wakiwa jikoni, Sekela alirudia jambo lile kwa sauti ya chini, kama vile ukuta ungemsikia. "Baba Ambwene, ile harufu unaijua?"

"Harufu gani?"

"Ile ya wodini. Ulivyoshtuka, nilikuona."

Geresoni akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sekela akamwacha. Alikuwa mwanamke asiyesukuma maneno. Tangu mtoto wao Ambwene afe Dar es Salaam mwaka 1994, akazikwa huko huko na majirani, habari zikafika nyumbani majuma mawili baadaye kwa mdomo wa dereva wa lori la ndizi, Sekela alikuwa na swali moja tu, naye aliliuliza mara chache, labda mara moja kwa mwaka, siku ya mvua: "Sijui alinitaja?" Geresoni kila mara alijibu, "Kyala ndiye anajua." Akijibu hivyo alilitaja jina la Mungu bure, naye alijua kuwa analitaja bure.

Maneno yakaenea. Wengine walisema ni jini la pwani, limepanda na nyaya kutoka Dar siku zile simu ikifanya kazi, likakosa njia ya kurudi nyaya zilipoibwa. Jambo hilo lilichekesha mpaka Alhamisi ya tatu.

Siku hiyo Mchungaji Abrahamu alikuja na kwaya. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, watu wakasimama karibu karibu, wakaimba beti zote. Mchungaji akaweka mkono juu ya kile chuma chekundu, ambacho rangi yake mpya ilikuwa bado inanata, akakemea katika jina la Yesu. Watu wakaitika amina. Na kabla amina ile haijaisha vizuri, kengele ikalia.

Kwaya ikarudi nyuma kwa pamoja, ikakanyagana. Harufu ya hospitali ikaja. Na vioo vya kibanda vikaanza kufifia taratibu kwa ndani, kama vioo vya gari lenye watu wengi siku ya mvua, pumzi ikivipaka weupe kioo baada ya kioo, ingawa mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Geresoni, na watu wote waliokuwa pale waliona kwa macho yao kwamba ndani hamna mtu. Kisha katika kioo kimoja, cha chini, cha urefu wa mtu aliyechuchumaa, weupe ule ukafutwa kwa mzunguko mdogo, wa kiganja, kama afanyavyo mtu anayetaka kuchungulia nje aone nani amekuja.

Mchungaji alikuwa mtu mkweli. Aliuondoa mkono wake, akawageukia watu. Akauliza, "Wapendwa, mimi nimekemea na halijatoka. Yuko mtu hapa mwenye neno na kibanda hiki? Kama yuko, aseme. Bwana anasamehe."

Geresoni alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, Biblia kifuani, na tai aliyovaa kwa ajili ya ibada. Alifungua kinywa. Akakohoa. Akakifunga.

Yasemwe yote: hakuwa peke yake aliyenyamaza. Kila mmoja pale alikuwa na neno lake na simu ile, aliyejificha ili wamwambie mpigaji hayupo, aliyemdanganya ndugu kuwa mama mgonjwa. Lakini yao yalikuwa madogo, na Geresoni alilijua lake kuwa si dogo.

"Basi kivunjwe," mtu akasema kutoka nyuma. "Wenye vyuma chakavu wapo Tukuyu, waitwe kesho."

"Kivunjwe!" wengine wakaitikia.

Mwalimu Beatrice akamkimbilia Geresoni, akamshika mkono. "Shikamoo mzee. Tafadhali sema nao. Wewe watakusikiliza. Ukisema kibaki, kitabaki."

Hapo ndipo shetani alipompa Geresoni nafasi nzuri kuliko zote. Kibanda kikibebwa kwenye lori kikayeyushwa, kibao kitachomwa, na Alhamisi itakuwa siku kama siku nyingine. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, jambo alilokuwa hodari nalo kwa miaka saba.

"Nitafikiri, mwalimu," akasema.

Asubuhi ya Jumanne wachumaji wa chai walimleta Bibi Atuganile kutoka Matwebe. Hawakumwambia mchungaji. Bibi huyu alijulikana kwa kutibu watu wenye mapepo, mfupi, mkavu, mwenye kaptura ya mvulana chini ya gauni kwa ajili ya baridi. Wote walitegemea afukize kitu. Hakufukiza. Alikizunguka kibanda mara moja, akachungulia kioo cha chini, akamtazama Geresoni aliyekuwa anakata miti ya uzio pembeni.

"Gwe mzee, hebu sogea karibu."

Geresoni akasogea.

"Rudi nyuma."

Akarudi.

"Sogea tena." Akasogea, na bibi akachungulia kioo, akaguna. Akawafukuza wachumaji kwa mkono kama kuku. Walipokwenda mbali akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Humo kuna mwanamke. Nilipokuja mimi alikuwa amesimama, ananitazama vizuri tu. Wewe ukisogea anachuchumaa, anajitanda kanga usoni, anakugeuzia mgongo. Ukirudi nyuma anainuka. Sasa niambie, mwanamke wa kwetu anamfanyia nani hivyo?"

Geresoni alikuwa na panga mkononi. Akalilaza chini taratibu.

Kwa kuwa kwa Wanyakyusa wa zamani jibu ni moja. Mke wa mwana humkimbia baba wa mumewe. Wakikutana njiani anatoka njiani, anachuchumaa, anajifunika mpaka mzee apite. Hali chakula naye, haongei naye, hata jina lake halitaji. Ni heshima, na wapo wanaoishika mpaka leo.

"Ni mkweo," Bibi Atuganile akasema.

"Alikufa," Geresoni akasema. "Kwenye uzazi, mwaka ule ule aliokufa mwanangu. Mtoto wake naye."

"Sikuuliza kama alikufa. Ananuka hospitali na ana mimba, nimeona. Anataka nini?"

"Mimi nitajuaje?"

"Mtu akipiga simu anataka nini, mzee? Wewe ndiye mwenye ufunguo."

"Wanataka kukivunja."

"Wakivunje. Atakwenda kupigia wapi? Nyumbani kwenu kuna ukuta, kuna mlango. Ataita kutoka humo." Akajifunga kanga vizuri. "Hilo si jini, wala mimi sina dawa yake. Jini lingekuwa rahisi."

Geresoni alimkuta Sekela jikoni anamenya ndizi. Akaketi kwenye kigoda cha mlangoni, mahali wanapoketi wageni. Sekela akamtazama lakini hakuacha kumenya.

"Mama Ambwene, mwaka ule simu haikuwa mbovu."

Kisu kikaendelea.

"Nilisema wiki nzima simu mbovu. Nilitundika na karatasi mlangoni, SIMU MBOVU, kwa mwandiko wangu. Haikuwa mbovu. Alhamisi, saa nne, Tukuyu walinipigia, wakasema una simu ya Dar, hospitali. Nikasikia sauti ya mwanamke. Akasema, 'Baba, samahani, ni Ikupa, usikate, nipe mama.' Nikakata."

Ganda la ndizi likaanguka.

"Akapiga tena. Nikakata. Akapiga mara ya tatu. Nikakata nikiwa nimeushika mkonga kwa nguvu hivi, mpaka mkono ukapata jasho. Halafu nikaandika ile karatasi."

"Kwa nini?" Sekela aliuliza, sauti karibu haisikiki.

"Nilijiambia ni mila. Mkwe haongei na mkwe." Geresoni akatazama mikono yake. "Uongo. Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikafundisha kwamba mila hiyo haiwafungi waliookoka, unakumbuka. Nilikuwa na kinyongo. Ambwene alimwoa bila kumleta, bila kuniuliza, na mimi kwa miaka miwili nikasema yule binti wa Isongole si mkwe wangu, simjui. Halafu siku ile ndiyo nikamfanya mkwe. Siku ile tu. Ili nisiongee naye."

Mvua ilianza kuchapa migomba nje.

"Alikuwa hai?" Sekela akauliza. "Mwanangu. Siku ile, alikuwa hai?"

"Sijui. Sikusikiliza."

"Alisema nipe mama."

"Ndiyo."

"Nami nilikuwa wapi?"

Hilo ndilo Geresoni aliloliogopa kuliko yote. "Ulikuwa hapo hapo kwenye foleni ya chai. Hatua ishirini. Ulikuwa unacheka na mama Dickson."

Sekela akaweka kisu juu ya ndizi. Alikaa mpaka moto ukashuka ukawa makaa. Kisha akauliza, "Alhamisi ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Ufunguo nipe."

Kijiji kizima kilikuja Alhamisi ile, maana wanunuzi wa vyuma chakavu nao walikuwa wameitwa, lori lao limesimama barabarani. Geresoni aliwaomba wasubiri. Akasimama mbele ya watu, bila tai, akasema yote aliyomwambia mkewe, kwa mpangilio ule ule, karatasi ya SIMU MBOVU ikiwemo, akaongeza kwamba mchungaji alipouliza wiki iliyopita alisikia vizuri sana na alinyamaza kwa kusudi. Wengine waliinamisha vichwa. Mama mmoja alitema mate chini. Mwalimu Beatrice alikuwa ameshika kibao kifuani, akakigeuza maandishi yaelekee ndani.

Saa nne kengele ikalia.

Sekela akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akainua mkonga. Geresoni alikuwa karibu kuliko watu wote, na kupitia kioo alimwona mkewe anasikiliza, midomo haitikisiki, macho yamekazwa kwenye kuta za chuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale, akamwona anafumba macho, akamsikia anasema, "Ndiyo mwanangu, ni mimi, ni mama, nipo," na kutokana na namna alivyolisema neno mwanangu Geresoni hakuweza kujua kama alikuwa anaongea na mke au na mume, akamwona anachekacheka na machozi yanashuka mpaka kidevuni na hayafuti, anaitikia, anaitikia tena, na muda wote huo, chini, kwenye kioo cha urefu wa mtu aliyechuchumaa, weupe wa pumzi ukiongezeka na kupungua, ukiongezeka na kupungua, mpaka mwishoni kabisa Sekela akauliza kitu ambacho watu watatu wa mbele walikisikia vizuri kama Geresoni alivyokisikia: "Na mtoto? Ni wa kike au wa kiume?" Akasikiliza jibu. Akashukuru, "Ndaga. Ndaga fijo." Akaurudisha mkonga polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

Akatoka. Akampita mumewe bila kumtazama.

"Amesemaje?" Geresoni akanong'ona. "Mama Ambwene, alinitaja? Ni wa kike, au..."

"Zamu yako," Sekela akasema.

Na kengele ikalia.

Geresoni akaingia. Chuma kilikuwa na baridi pande zote, ila mkonga ulikuwa na joto. Akauinua. Akasikia ukumbi mrefu, magurudumu ya kitanda yakisukumwa, mtu anakohoa kwa mbali kikohozi ambacho Geresoni alikifahamu, kwa kuwa alikaa nacho usiku mwingi mtoto huyo akiwa na miaka minne. Na karibu kabisa na sikio lake, pumzi ya mwanamke.

"Ikupa," akasema. "Mkwe wangu. Ni mimi..."

Kacha! Ikakatwa.

Alibaki ameshika mkonga. Ukalia tena mkononi mwake, akausogeza sikioni akipiga magoti, paji lake kwenye rangi mbichi. "Nisamehe mwanangu. Nilikosa. Nilikuwa na kiburi, nisikilize tu kidogo..."

Kacha! Ikakatwa.

Mara ya tatu alilia tu kwenye kile kikombe cha kusemea, na aliyekuwa upande wa pili alimsikiliza analia, pumzi taratibu, bila haraka, kwa muda ambao Geresoni aliona ni mrefu kama ibada nzima, akaanza kutumaini. Kisha ikakatwa, polepole safari hii, bila hasira. Joto likaondoka kwenye mkonga kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga.

Simu haikulia tena tangu siku hiyo.

Lori la vyuma chakavu liliondoka tupu. Sekela ndiye aliyesema kibanda kibaki, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Kibao nacho kiliwekwa, lakini Geresoni aliomba jina lake na lile neno vifutwe, na Jotham akavipaka rangi nyekundu juu. Mvua zikinyesha sana herufi huonekana tena chini ya rangi, na Geresoni huja na kopo dogo na brashi, akazipaka. Shule za kutoka Tukuyu huleta watoto kuona, wakaushika mkonga, wakatoka wakiambiana una joto, shika, una joto. Akiushika yeye ni baridi.

Sekela hajawahi kumsimulia alichosikia. Wanaishi nyumba moja, wanakula chungu kimoja, wanasali pamoja. Yeye haulizi, na Sekela hasemi.

Mwezi wa saba mwaka ule, baridi ilipozidi, Sekela alinunua nyuzi Tukuyu akaanza kufuma sweta. Ya rangi ya kijivu, rangi isiyosema ni ya mvulana au ya msichana. Ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka saba. Alipoimaliza aliitundika ndani ya kibanda, kwenye msumari, akafunga mlango.

Alhamisi iliyofuata Geresoni alifungua kufuli apate kufuta vioo. Sweta ilikuwa pale pale kwenye msumari. Ilikuwa imechakaa viwikoni, pindo la chini lina matope mekundu yaliyokauka, na mfukoni mlikuwa na majani matatu ya chai.

Alikaa nayo mapajani kwa muda. Kisha akaenda nayo mtoni, akaifua, akaianika, akairudisha kwenye msumari. Amefanya hivyo kila Alhamisi tangu hapo. Na mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, Sekela alikwenda kununua nyuzi nyingine, akaketi mlangoni, akaanza kufuma sweta kubwa kidogo.